Sweta Ibaki Kwenye Msumari

Nyumbani, Silibwet,
jioni ya kuamkia safari yako

Cherotich, mama,

Nakusikia huko jikoni ukibishana na mama yako kuhusu blanketi, kama ni moja au mawili. Mpe ushindi tu, beba mawili, baridi ya upande huo haina mchezo. Mambo ya sabuni, soksi na majina ya kushonwa kwenye sare nimemwachia yeye, siyagusi. Mimi nimejifungia hapa sebuleni na kalamu kwa sababu juzi uliniuliza swali nami nikakutoroka.

Najua unalikumbuka. Ulikuwa umechuchumaa chini ya ng'ombe wako Chapati unamkamua, mimi nimemshikia mkia asikuchape nao usoni. Hukugeuka hata. Ukasema, "Baba, na mkizoea kukaa bila mimi je?" Nami, mwanaume mzima mwenye ndevu za mvi, nikakuambia ngoja nikaangalie kama ndama amefungwa. Ndama alikuwa amefungwa. Ni wewe uliyemfunga, na nilikuona ukimfunga. Nikasimama nyuma ya boma nikitazama shamba la chai mpaka niliposikia ndoo ikiondoka.

Sasa nimelipata jibu, ila ni refu. Nitaiweka barua hii ndani ya ndoo ya maziwa, chini ya kifuniko, maana najua mtu wa kwanza kuishika hiyo ndoo asubuhi ni wewe. Isome kabla hujakamua. Chapati atangoja kidogo, hatakufa.

Unajua nami nilienda boding, shule ya bweni kama unayoenda wewe. Umesikia visa vyangu vya uji wenye wadudu, na vya yule kijana aliyeanguka kutoka kitanda cha juu akaendelea kulala sakafuni. Hivyo ni visa vya kuchekesha wageni. Kisa cha Lelmet sijawahi kukuambia. Kogo, nyanya yako, anakijua, na kuna siku alitaka kukitoa mezani mbele yenu wote, nikajifanya nimekwamwa na ugali.

Lelmet alikuwa ng'ombe wetu, na hatukuwa na mwingine. Alikuwa mweusi tii lakini kichwa cheupe, na ndiyo maana ya jina lake. Siku hizo Kogo alikuwa akidamkia chai, anaingia shambani majani yakiwa bado na maji, kwa hivyo tangu Lelmet alipozaa mara ya kwanza mkamuaji alikuwa mimi. Wewe sihitaji kukueleza ng'ombe wa mtu mmoja alivyo. Alijua kikohozi changu. Nilikuwa na sweta ya buluu iliyoisha viwiko, ndiyo ya kukamulia, na ilikaa kwenye msumari pale mlangoni pa boma. Haikuwa inafuliwa, ya nini kufua nguo ya boma? Ilikuwa imekolea moshi, maziwa na yale mafuta ya kupaka chuchu. Nikishaivaa na kuegemeza paji la uso kwenye ubavu wake, Lelmet anaanza kucheua na maziwa yanashuka yenyewe. Mpaka leo nikisikia maziwa ya kwanza yakigonga ndoo tupu, moyo wangu unarudi pale. Woi, nilikuwa na raha na sikujua.

Kisha nikaitwa shule. Tulipanda ile barabara ya murram mimi na Kogo, yeye na sanduku kichwani, amekataa kata kata nimsaidie. Sweta niliiacha kwenye msumari. Nilikuwa nimenunuliwa mpya ya shule yenye mistari shingoni, na nilijiona mtu.

Majuma ya kwanza nilichekwa mpaka basi. Kiswahili changu kilikuwa cha hapa nyumbani, baba ni papa, boksi ni poksi, na kila nikifungua mdomo bweni zima linaanguka vitandani kwa kicheko. Aliyecheka kuliko wote alikuwa kijana mmoja kutoka Roret, wazazi wake wana duka pale sokoni. Alikuwa Kamau. Ndiyo, huyo huyo Anko Kamau aliyekuletea sanduku la bati Jumapili na kukaa hapa akimaliza chapati zetu. Yeye alikuwa kitanda cha juu, mimi cha chini. Siku moja baada ya taa kuzimwa akanisikia. Akaning'iniza kichwa kutoka juu akauliza, "Wewe Kipsigis, unalilia nini?" Nikamwambia ukweli, namlilia ng'ombe. Nilijua atacheka. Hakucheka. Akasema, "Mimi nyumbani nalala dukani juu ya magunia. Mteja akitaka kiberiti usiku, anagonga naamka. Tangu nizaliwe sijawahi kulala mpaka asubuhi. Hapa nani atanigongea?" Kisha akarudisha kichwa chake juu, na mara akaanza kukoroma.

Nimefikiria maneno hayo miaka mingi. Shule ile ile, chumba kile kile, mimi naona nimefungwa na yeye anaona amefunguliwa. Kwa hivyo watu wakikuambia boding ni nzuri, au boding ni mbaya, waulize kwanza wametoka nyumba gani.

Na nisijifanye sikuonja uzuri wake. Huko ndiko nilikosomea kitabu kutoka mwanzo hadi mwisho kwa mara ya kwanza, bila mtu kuniita nilete maji, nikate majani ya nepia ya ng'ombe, nifukuze kuku. Nyumbani sikuwa wa mbele darasani na nilikuwa nimekubali kwamba kichwa changu ni kizito. Kufikia mwisho wa muhula ule niliona kumbe sikuwa mjinga, nilikuwa nimechoka. Nani angeniambia? Kogo mwenyewe alikuwa amechoka kuliko mimi.

Ndiyo sababu nimekubali uende. Sikia, nitakuambia jambo ambalo mama yako hataki nikuambie, ati utajisikia vibaya. Siku ile nilikukuta umelalia daftari la hesabu pale mezani, kalamu iko mkononi, mate yamelowesha karatasi. Ulikuwa umeamka kukamua, ukaenda shule, ukarudi, ukachuma chai, ukakamua tena, ukampikia Kogo uji. Nilisimama nikakutazama nikaona ni mimi. Ile shule ya kutwa hapa chini ni nzuri na walimu wake nawaheshimu, lakini ukisoma pale tutaendelea kukutuma. Hatutaacha, hata tukiapa. Tukikuona tu, mkono wa mtu utanyooka, "Cherotich, ebu niletee." Sisi ni watu wazuri, lakini kwa kutuma tumepita kiasi.

Haya, nikuambie na upande ule mwingine, maana huo hautajwi siku ya kupokea wazazi. Boding ilinifundisha kula bila kuonja. Unaona ninavyomaliza sahani kabla mama yako hajaketi? Tabia hiyo niliitoa huko. Ilinifundisha kuficha ugonjwa, kwa sababu ukisema unaumwa unaambiwa unakwepa gwaride. Nililala na homa siku kadhaa, na hakuna mkono uliogusa paji langu la uso. Hiyo nilikosa kuliko chakula, mama. Mkono wa mtu wako kwenye paji lako. Ukiumwa, sema, piga kelele, lia, waache waseme unadeka. Mimi ninakuruhusu kudeka.

Sasa nirudi kwa Lelmet. Tulifunga shule, nikaja nyumbani nimevaa sare yote, tai imekaza shingo, viatu vinang'aa. Nilikuwa nimejimwagia maji bafuni asubuhi na kujisugua na ile sabuni nyekundu ya shule yenye harufu ya dawa. Nyumba ilikuwa imejaa. Akina mama wa kanisa walikuwa wamekuja kumwona mtoto wa shule kubwa, wamepangwa kwenye viti vyote pamoja na vya majirani. Maji ya chai yanachemka, majani yameshatiwa, yanangoja maziwa. Nikazunguka nyuma nikamwona Kogo anatoka bomani, na amevaa sweta yangu.

Ungemwona! Mikono ya sweta imeishia kwenye viwiko, kifua kimevutika, tumbo liko nje. "Mama, hiyo si sweta yangu?" Akacheka. "Wacha we! Ulipoondoka huyu ng'ombe wako alitukataa wote. Alinirusha teke nikakalia kinyesi. Mpaka nikavaa hii ndipo akatulia, akadhani ni wewe." Akaivua pale pale akaninyooshea. "Haya, mwenyewe amerudi. Vaa, umkamue wageni wapate chai."

Nikajibu, "Mama, inanuka."

Cherotich, nimekuwa na umri wa kutosha kusema maneno mengi ya upuuzi, lakini hayo mawili sijui yalitoka wapi. Kogo aliitundika sweta kwenye msumari akaenda kwa wageni. Mimi nikaingia bomani na tai yangu. Lelmet aliponisikia aligeuka, masikio mbele, na nikajua amenifurahia. Kisha nikamkaribia akanusa. Alinusa bega, akanusa mkono, akatoa macho yote meupe na kurudi nyuma mpaka ukutani. Nilimwita kwa jina. Nikakohoa makusudi. Nikachuchumaa nikamgusa kiwele, na nilichopata ni teke lililoipeleka ndoo hadi mlangoni. Maziwa akayazuia yote. Mwishowe tukamfungulia ndama, akanyonya mpaka akashiba na povu mdomoni, na mimi nimesimama pale nimeshika ndoo tupu.

Wageni wakanywa turungi, chai isiyo na maziwa. Unajua hapa kwetu maana yake. Mtoto wa boma amerudi kutoka shule kubwa, ng'ombe yuko, majani ya chai yamezunguka nyumba pande zote, na wageni wanapewa turungi! Kogo aliimimina na uso mkavu, akajaza kila kikombe. Wale akina mama walikuwa na adabu sana. Mmoja akasema turungi inapasha mwili joto, mwingine akasema hata daktari alimshauri aache maziwa. Mimi nilikunywa nikitazama viatu vyangu. Ilikuwa na sukari tele na ilikuwa chungu.

Jioni hiyo nilikaa kitandani nikajiambia basi, wamezoea. Ng'ombe ana mtu mwingine, sweta ina mtu mwingine, hata pale pangu kwenye benchi palikuwa pamewekwa debe la unga. Nilitamani kurudi shuleni. Nakwambia ukweli, nilianza kuhesabu siku za likizo kutoka upande ule mwingine. Kwa hivyo hilo swali lako la juzi lilinichoma kwa sababu mimi nililiuliza kabla hujazaliwa, ila sikumwuliza mtu. Nilijiuliza mwenyewe na kujijibu vibaya.

Asubuhi mvua ilikuwa inanyesha. Nikatoka na kaptura ya zamani, nikapita mlangoni pa boma, sweta iko. Nikaitoa kwenye msumari nikaitia puani kabla ya kuivaa. Moshi ulikuwepo. Lelmet alikuwepo. Lakini kulikuwa na kingine, ule utomvu wa majani ya chai unaoganda kwenye vidole vya mchumaji, na mafuta ya nywele ya Kogo. Mama yangu alikuwa amevaa hiki kitu kila asubuhi na kila jioni, kinambana makwapa, akijifanya mimi, ili ng'ombe wangu asininung'unikie. Nikakivaa. Kilikuwa kimekuwa kikubwa.

Lelmet alinusa muda mrefu. Alinusa shingo, kifua, akarudia. Kisha akashusha pumzi ile ndefu ya ng'ombe na kuanza kucheua. Maziwa yalipogonga ndoo nililia, uso wangu kwenye ubavu wake, nikalia kama sijawahi kuwa na tai. Niligeuka nikamwona Kogo amesimama mlangoni na kikapu chake cha chai mgongoni. Unadhani alisema nini? Alisema, "Usimwage." Akaenda zake shambani.

Ningependa kisa kiishie hapo. Lakini nilikuambia jibu lina upande mwingine. Mwaka wangu wa mwisho, karibu na mtihani, Lelmet aliugua akafa. Hawakuniambia. Kogo alisema, mwacheni asome, asisumbuliwe. Nilimaliza mtihani, nikaja mbio, sikuingia hata nyumbani, nikapita moja kwa moja hadi bomani. Msumari uko, sweta iko, ng'ombe hayuko. Nilisimama nimeishika. Walifanya kwa upendo, na mtihani nilipita vizuri, siwezi kukataa. Lakini majuma yote yale nilikuwa nalala nikimpangia likizo ng'ombe aliyekwisha kufukiwa.

Hiyo hatutakufanyia. Nimebishana na mama yako mpaka amekubali shingo upande. Mtu akiugua hapa utajua. Kogo sasa ni mzee, magoti yanamsumbua, juzi aliniita kwa jina la baba yangu. Lolote likitokea nitakuja mwenyewe getini nikuambie kwa mdomo wangu, hata kama kesho yake ni mtihani. Utalia, utafanya mtihani ukiwa umelia. Wewe ni wa nyumba hii hata siku zake mbaya.

Na ukifika huko muhula ukaisha, ukaona hapakufai kabisa, sio kulia kwa siku za kwanza, hapana, ukaona panakumaliza, sema. Ile shule ya hapa chini haihami. Atakayekucheka apite kwangu kwanza.

Basi, uliniuliza, mkizoea kukaa bila mimi je? Tutazoea, mama. Sitakudanganya. Siku za kwanza mama yako ataweka kikombe chako mezani kisha akiondoe, halafu ataacha kukiweka. Kogo atakuita umletee uji, halafu atajifunza kumwita kaka yako. Nawe utazoea, utaanza kusema "kwetu" ukimaanisha bweni, na mimi nitajifanya sijasikia. Boding hufanya hivyo kwa pande zote mbili. Lakini Kogo naye alizoea kukaa bila mimi, na alizoea akiwa amevaa sweta yangu.

Kwa hivyo nisikilize. Kesho asubuhi mkamue Chapati ukiwa na ile sweta yako ya kijani, yenye kifungo kimoja. Ongea naye kama kawaida, msengenye mama yako, anapenda. Ukimaliza, ivue uitundike kwenye msumari. Mama yako ameiwinda siku nyingi aifue, usimpe. Mwambie baba amekataza. Jioni nitaivaa mimi. Najua itanibana, najua mikono itaishia hapa kwenye viwiko, na Kogo atacheka mpaka apaliwe. Wacha acheke, ni zamu yangu.

Tulikuita Cherotich kwa sababu ulikuja ng'ombe wakirudi nyumbani jioni. Mkifunga shule, jaribu kufika saa hiyo. Usipite kwanza sebuleni, hata kama kuna wageni. Zunguka nyuma, chukua sweta, uinuse, kisha uende kwake. Akikubali, vizuri. Akikataa, akarusha teke na kuzuia maziwa yote, usilie na usiseme tumekusahau. Njoo ndani na ndoo yako tupu. Nitachemsha turungi mwenyewe, tutakunywa sote, na asubuhi utajaribu tena.

Ni mimi,
baba yako.